Viungo vya jikoni kwenye bia ya nyumbani: vitiwe lini, vitiwe wapi, na kwa nini karafuu tano zinaweza kuwa nyingi

Ukianza kutafuta resipe za bia yenye viungo unachanganyikiwa mapema sana. Mmoja anakwambia mdalasini uchemshwe dakika 15, mwingine anasema usithubutu kuuchemsha, utie bia ikishachachuka, wa tatu anakwambia uuloweke kwenye vodka siku kadhaa, afu wote watatu wanaapa kwamba bia yao ilitoka safi. Kwenye vipimo ndo usiseme, huyu anatia karafuu tatu, yule kijiko kizima. Na ukweli ni kwamba hakuna anayedanganya hapo. Shida ni kwamba kuna maswali matatu tofauti ambayo watu wanayajibu kwa mpigo kana kwamba ni moja: ladha ya kiungo hiki inayeyuka kwenye nini, harufu yake inatoroka wakati gani, na hamira ikikutana nayo inaifanya nini. Ukiyatenganisha haya matatu utaweza kukaa na kiungo ambacho hujawahi kuona resipe yake, iwe uwatu, zafarani, iliki nyeusi au pilipili ya Sichuan, ukaamua mwenyewe pa kukitia, na mi naona hapo ndo upishi wa bia unapoanza kunoga.

Tukumbushane haraka bia inavyopikwa, maana viungo vinaingia kwenye ratiba hiyo hiyo. Kimea kilichosagwa, mara nyingi cha shayiri na wakati mwingine kikiwa na ngano, kinalowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 kwa saa moja hivi, vimeng'enya vyake vinageuza wanga kuwa sukari, unachuja, unabaki na maji matamu ya kimea. Hayo unayachemsha kama saa moja pamoja na hopsi (maua machungu ya mmea unaotambaa), unayapoza haraka mpaka nyuzi 20 hivi, unatia hamira, unafunika, unaacha wiki moja hadi mbili. Ikitulia inaenda kwenye chupa na sukari kidogo ili ipate gesi. Kwa hiyo nafasi za kutia kiungo ziko nne tu: ndani ya chemsho, pale moto unapozimwa, kwenye ndoo hamira ikishamaliza kazi, na siku ya kujaza chupa. Vipimo vyote nitakavyotaja humu ni vya lita 20, ndo ujazo wanaoutumia wengi wanaopika nyumbani.

Na mtu asikwambie kwamba viungo kwenye bia ni mchezo wa siku hizi. Ulaya ya zama za kati bia nyingi zilipikwa kwa mchanganyiko wa mimea ulioitwa gruit, hopsi ikaja kuteka uwanja taratibu sana. Mtawa Hildegard wa Bingen, huko karne ya 12, aliandika kwamba hopsi inazuia vinywaji visioze, na 1516 watawala wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, wakatunga sheria kwamba bia ni shayiri, hopsi na maji, basi (hamira hawakuitaja kabisa). Ubelgiji walishika njia yao: bia nyeupe ya ngano ya Hoegaarden, yenye mbegu za giligilani na maganda makavu ya machungwa, ilikuwa imeshakufa miaka ya 1950, ndipo Pierre Celis, aliyekuwa muuza maziwa, akaifufua 1966. Na hata Ujerumani kwenyewe kuna Gose, bia ya ngano inayotiwa giligilani na chumvi.

Hopsi nimeitaja kwa makusudi. Watu wengi wakishapata viungo vyao wanafikiri wanaweza kuiacha kabisa, wakati asidi chungu za hopsi zinafanya kazi mbili, zinasawazisha utamu wa kimea na zinazuia bakteria wanaochachusha bia ikawa kali kama maziwa mgando. Ukiitoa yote lazima ujue unachofanya. Kwa bia ya viungo mi napendelea uchungu mdogo, IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 15 hadi 25 hivi, unaotoka kwenye hopsi zilizotiwa mwanzoni mwa chemsho, na hopsi za harufu za mwishoni naziacha, maana zitagombana na kiungo bure.

Swali la kwanza: inayeyuka kwenye nini

Ndani ya kiungo kuna vitu vya aina mbili ambavyo jikoni tunavihesabu kama kimoja. Kuna harufu, yaani mafuta mepesi yanayoruka hewani na kupanda puani, na kuna vile vitu vizito ambavyo haviruki popote ila ulimi unavisikia, ule muwasho wa pilipili, uchungu, ukakasi, rangi. Kila kimoja kina tabia yake mbele ya maji na mbele ya kilevi.

Chukua pilipili manga. Kinachowasha ni piperini, na lita moja ya maji ya kawaida inayeyusha miligramu 40 tu za piperini, wakati kwenye alkoholi tupu gramu moja nzima inayeyuka ndani ya mililita 15. Tofauti ni zaidi ya mara 1,000! Sasa bia ya asilimia 5 iko karibu zaidi na maji kuliko alkoholi, ndo maana unaweza kutia pilipili manga nyingi ukapata harufu nzuri ya msitu na machungwa kwa mbali lakini ule muwasho hausikiki sana. Ukiutaka muwasho, pita njia ya vodka. Pilipili kali nazo ni hivyo hivyo, kapsaisini haipendi maji baridi kabisa ila kwenye kilevi inaingia bila shida, na ndo sababu kipande kidogo cha pilipili kilicholala kwenye vodka siku moja tu kinaweza kuwa kikali kuliko pilipili nzima zilizochemshwa.

Mfano mzuri zaidi ni rangi mbili za njano. Zafarani inaitoa rangi yake kwenye maji bila kubembelezwa, krosini yake inayeyuka majini vizuri sana, kwa hiyo nusu gramu ukiisaga na kuiloweka kwenye maji ya moto kidogo inatosha kabisa kugeuza bia nzima kuwa dhahabu. Manjano kinyume chake, kurkumini yake karibu haiyeyuki majini, inaelea kama vumbi, mwisho inazama chini ya ndoo na mashapo ya hamira, na bia inabaki na ile harufu ya udongo bila rangi uliyoitaka. Vyote viwili vya njano, vyote vinakaa rafu moja jikoni, lakini kwenye bia kila kimoja kinataka mlango wake.

Vanila iko upande wa kilevi. Mdalasini uko katikati, unatoa harufu kwenye maji ya moto na kwenye kilevi pia, ila kwenye maji ya moto unatoa pamoja na ukakasi wa gome lenyewe, na ukiuchemsha muda mrefu unapata kitu kinachokausha ulimi. Maganda ya machungwa yana mtego unaofanana, ule weupe wa ndani ni uchungu mtupu, hivyo kwangua rangi ya juu tu.

Swali la pili: inatoroka lini

Kama unapika na jikoni kunanukia vizuri mpaka sebuleni, hiyo harufu uliyoifurahia haipo tena kwenye sufuria. Chemsho la saa moja linabeba karibu harufu zote nyepesi na mvuke, kinachobaki ni vile vitu vizito. Kwa hiyo kutia giligilani mwanzoni mwa chemsho ni kuipoteza. Dakika 5 za mwisho, au moto ukizimwa ufunike dakika 10, hapo joto linatosha kukamua mafuta na kuua vijidudu vya juujuu, lakini mvuke haujapata muda wa kuondoka na kila kitu.

Kuna mtoro wa pili ambao wengi hawamfikirii, nao ni gesi. Lita 20 za bia ya asilimia 5 zinapochachuka zinatoa kama lita 400 za kaboni dayoksaidi. Fikiria ujazo huo wote ukipita ndani ya ndoo kiputo kimoja kimoja kwa siku kadhaa, kila kiputo kinaondoka na harufu kidogo. Ule unukiaji mzuri unaotoka kwenye kizibo cha hewa siku ya pili ni bia yako inapungua. Ndo maana kiungo kilichotiwa kwenye chemsho kinatakiwa kiwe kingi kuliko kile kile kikitiwa baada ya hamira kutulia, na hapo ndo vipimo vya resipe vinapopishana, mtu anaiga gramu bila kuangalia zilitiwa hatua gani.

Swali la tatu: hamira inaifanya nini

Hili ndo linalonivutia kuliko yote, na ndo linalotajwa kidogo kuliko yote. Hamira haikai kimya ikisubiri sukari. Inakutana na molekuli za kiungo na inazibadilisha.

Giligilani ina linaloli kwa wingi, ile harufu ya maua na limau ambayo ipo hata kwenye hopsi, na kando yake kuna geranioli kidogo yenye harufu ya waridi. Hamira inaichukua geranioli na kuigeuza sitroneloli, harufu inasogea kutoka kwenye waridi kwenda kwenye limau. Hapo una sababu ya kutia giligilani kabla ya hamira: unachopata ni kitu ambacho mbegu peke yake haikuwa nacho, harufu laini iliyoshikana na bia, huioni kama kiungo kilichobandikwa juu.

Mdalasini ni kesi ya kinyume. Harufu yake inabebwa na sinamaldehaidi, na hamira hai inazishusha aldehaidi nyingi kuwa alkoholi zake, hii ikawa alkoholi ya sinamili ambayo harufu yake ni ya maua hafifu, siyo ule mdalasini wa moto uliousikia kwenye sufuria. Kwa hiyo mtu anapolalamika kwamba alichemsha vijiti vitatu na bia haina mdalasini, pengine mdalasini aliutia vya kutosha kabisa, umeliwa. Mchaichai nao una tatizo hilo, sitrali yake inapita mikononi mwa hamira na kugeuka. Viungo vya namna hii subiri mpaka uchachukaji uishe na hamira izame, ndo uvitie.

Halafu kuna karafuu. Hamira za bia za ngano za Kijerumani na nyingi za Kibelgiji zina uwezo wa kuchukua asidi ya feruliki iliyomo kwenye nafaka na kuifanya kitu kinachonukia karafuu wazi wazi, hata kama nyumba nzima haina punje moja ya karafuu. Sasa wewe ukatumia hamira hiyo afu ukatia na karafuu zenyewe, unajumlisha karafuu mbili, na eujenoli ya karafuu ni kitu kizito kinachokaa, kinachotia ganzi ulimi, hakitoroki kirahisi na mvuke wala gesi. Hapo ndo bia inapoishia kunukia dawa ya meno. Ukitaka karafuu tumia hamira isiyo na maneno mengi, na anza na punje 3 kwa lita 20. Tano zikiwa mbichi na zenye mafuta zinaweza kuwa nyingi.

Jambo dogo la kuongeza: sinamaldehaidi na eujenoli zinazuia vijidudu, na hamira ni kijidudu pia. Kwa vipimo vya kawaida haitishi, ila ukitia mdalasini na karafuu kwa mikono miwili kabla ya hamira usishangae ikichelewa kuanza.

Viungo vyenyewe

Giligilani ndo ya kuanzia, gramu 15 hadi 30, punje nzima zilizopondwa kwenye kinu mpaka zipasuke tu, dakika 5 za mwisho. Kuna aina mbili za mbegu, ile ndefu kidogo ya rangi ya majani makavu inayolimwa India na ile ya mviringo na ndogo ya Morocco, na wapishi wengi wa bia wanaipenda ya India kwa sababu inakaa upande wa machungwa, hii nyingine inaweza kuleta ladha ya mboga. Cha muhimu zaidi ni umri wake. Mbegu iliyolala kabatini muda mrefu imeshapoteza linaloli, inabaki na kitu kama figili, na hakuna kuongeza gramu kutakakoirudisha. Iponde moja mkononi uinuse, kama haikushtui usiipike.

Iliki inataka heshima. Mafuta yake yana sineoli, ule ubaridi wa mkaratusi, na ukizidisha bia inakuwa kama dawa ya kikohozi. Toa mbegu kwenye maganda, ponda mbegu za punje 6 hadi 10, tia ukizima moto au pitishia kwenye vodka. Kwenye bia nyeusi yenye kimea cha kuchoma inakaa vizuri ajabu. Iliki nyeusi ni mmea ndugu tu, inakaushwa kwa moto wa kuni kwa hiyo inakuja na moshi wake, punje 2 au 3 zinatosha kukupa bia yenye moshi bila kununua kimea cha moshi.

Tangawizi inabadilika kutegemea ulivyoitenda kabla. Mbichi ina jinjeroli na harufu ya limau, ikikaushwa sehemu ya jinjeroli inageuka shogaoli ambayo ni kali zaidi lakini ile harufu mbichi imeondoka, na ikipikwa muda mrefu inapatikana zinjeroni ambayo ni tamu na tulivu. Mi nagawa: nusu ya mbichi dakika 10 za mwisho kwa ajili ya mwili, nusu nyingine moto ukizimwa kwa ajili ya pua, jumla gramu 60 hadi 100. Mbichi usiitupe kwenye ndoo bila kuipitisha kwenye moto au kilevi, maganda yake yamejaa hamira za porini na bakteria.

Uwatu sasa. Una sotoloni, molekuli ambayo pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa chembe chache mno, inanukia sukari iliyoungua na asali nzito, na ndo inayompa mtu aliyekula uwatu mwingi ile harufu inayotoka hata kwenye jasho. Kwenye bia ya kahawia gramu 3 hadi 5 zilizokaangwa kidogo zinaleta ladha ya karameli ambayo ungedhani ni kimea cha bei mbaya. Ukivuka hapo uchungu wa mbegu unaingia na harufu inageuka ya mchuzi. Ni kiungo ninachokipenda mno na ninachokiogopa kuliko vingine.

Binzari nyembamba nasema wazi: acha mpaka uwe na uzoefu. Ina harufu inayobeba akili ya mnywaji moja kwa moja mpaka kwenye sahani ya chakula na kuirudisha ni kazi. Shamari na anisi nyota zinaeleweka zaidi, zote zina anetoli ambayo ni tamu kwenye ulimi bila sukari yoyote, ua moja au mawili ya anisi nyota kwa lita 20 basi. Kungumanga kwangua gramu moja hadi mbili, mbichi, ya unga wa kwenye kopo haina maana.

Pilipili ya Sichuan siyo pilipili kabisa, ni ganda la tunda la jamii ya malimau na machungwa, na sanshuli yake inafanya midomo itetemeke. Watafiti wamepima huo mtetemo na kukuta mishipa inausikia kama mtikisiko wa mara 50 hivi kwa sekunde. Tumia maganda mekundu, tupa zile mbegu nyeusi za ndani ni mchanga tu mdomoni. Gramu 5 hadi 10 moto ukizimwa, kwenye bia nyepesi ya ngano, unapata limau na mtetemo mdogo unaokaa na gesi vizuri.

Njia ya vodka, ambayo mi naiona ndo ya busara

Kama kuna jambo moja ningependa mtu alibebe kutoka humu ni hili: bia ipike ya kawaida, viungo vitie mwishoni kwa kupima, kwa ulimi wako mwenyewe. Kila kundi la kiungo lina nguvu tofauti, mavuno tofauti, umri tofauti, gramu za kwenye resipe ya mtu hazijui mdalasini wako ulikaa dukani muda gani.

Chukua chupa ndogo yenye mfuniko, tia kiungo kimoja kilichopondwa, mfano gramu 10 za mdalasini, mimina mililita 100 za vodka ya asilimia 40, funga. Karafuu na pilipili manga siku 2 hadi 3, mdalasini na iliki siku 3 hadi 5, vanila iliyopasuliwa wiki moja hadi mbili, pilipili kali siku moja na uionje kila baada ya saa chache. Chuja kwenye kitambaa au karatasi ya chujio ya kahawa. Kilevi hicho kimeshaua sehemu kubwa ya vijidudu kwa hiyo na suala la usafi umelipunguza.

Siku ya kujaza chupa, chukua glasi nne, kila moja pima bia mililita 100. Ya kwanza iache bila kiungo, hii ya kulinganishia usiiruke. Kwa sirinji ya mililita moja tia 0.1 kwenye ya pili, 0.2 kwenye ya tatu, 0.4 kwenye ya nne. Onja kuanzia ile dhaifu kwenda kali, kunywa maji katikati, usiache mtu mmoja aamue peke yake kama kuna wengine nyumbani. Ukipenda ya 0.2, hesabu yake ni mililita 2 kwa lita, yaani mililita 40 kwa lita 20, na hizo 40 za vodka zinaongeza kilevi chini ya asilimia 0.1, hakuna utakachokisikia. Ila kipimo kinachokufurahisha kwenye funda la kwanza kinaweza kukuchosha ukifika nusu ya glasi, kwa hiyo mi huwa nashuka kidogo chini ya ile iliyoshinda. Kuongeza baadaye unaweza. Kutoa huwezi.

Mkitaka kuchanganya viungo viwili au vitatu, kila kimoja kiwe na chupa yake. Ukiviloweka pamoja na kimoja kikazidi, umefungwa navyo vyote.

Kuna kitu njia hii haikupi, nacho ni yale mabadiliko ya hamira niliyoyasema kwenye giligilani. Kwa hiyo mgawanyo wangu ni huu: giligilani, maganda ya machungwa, tangawizi na pilipili ya Sichuan kwenye sufuria, mdalasini, karafuu, vanila, pilipili manga na pilipili kali kwenye vodka, na zafarani kwenye maji ya moto kidogo siku ya kujaza chupa.

Bia yenyewe ya chini

Kiungo hakikai hewani, kuna bia chini yake, na bia hiyo inabadilisha unavyokisikia. Mdalasini, vanila na anisi zinaufanya ulimi udhani kuna sukari ingawa haipo, hivyo kwenye bia ambayo tayari ni nzito na tamu zinachosha haraka, pika bia ikauke kidogo kuliko unavyotaka. Tangawizi na pilipili zinafanya kinyume, zinakausha, zinataka kimea chenye mwili. Kimea kilichochomwa kinabeba iliki, mdalasini, vanila, pilipili kali. Ngano na shayiri nyeupe zinabeba giligilani, mchaichai, zafarani. Kahawia ndo nyumbani kwa uwatu na kungumanga.

Gesi nayo ina mchango. Kaboni dayoksaidi yenyewe inachoma kidogo kwenye mishipa ile ile ya fahamu inayosikia maumivu na muwasho, kwa hiyo pilipili uliyoionja ikiwa bado haina gesi itakuwa kali zaidi ikishatoka kwenye chupa. Na ubaridi unaficha harufu, bia ya viungo ukiinywa ikiwa nyuzi 3 unakunywa maji yenye uchungu, iache ipande mpaka 8 au 12 ndo uisikie.

Mambo ya usalama, nayo siyo ya kupita juu juu

Chupa zinaweza kulipuka, na vipande vya kioo havina utani. Kabla ya kujaza hakikisha haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia sukari iliyobaki kwenye bia) inasoma namba ile ile siku tatu mfululizo, sukari ya gesi iwe gramu 6 hivi kwa lita, yaani kama 120 hadi 125 kwa lita 20, na ukitia kitu chenye sukari yake kama tende, ukwaju mtamu au asali, subiri kichachuke chote kwanza.

Kungumanga ikizidi gramu 5 kwa mtu mmoja inaweza kuleta sumu, moyo kwenda mbio na kuona vitu visivyokuwepo, kwenye lita 20 hizo gramu mbili hazina tatizo ila usizichezee. Anisi nyota ya Kichina ndo ya kuliwa, ile ya Kijapani inafanana nayo sana na ina sumu ya mishipa ya fahamu, na mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya watu kuhusu chai za anisi nyota kwa sababu ya mchanganyiko huo, kwa hiyo nunua kwa mtu unayemwamini kwenye chakula, siyo mapambo. Mafuta ya harufu ya kwenye vichupa vidogo yaache, nguvu yake ni kubwa mno kupimika jikoni na mengi hayakutengenezwa kwa ajili ya kunywewa, na juu ya hapo mafuta yanaua povu.

Bia ikishakuwa kwenye chupa bado inatembea. Maganda ya machungwa na giligilani vinanoga miezi miwili mitatu ya mwanzo afu vinaanza kushuka. Tangawizi nayo harufu inashuka mapema, muwasho unabaki. Karafuu na pilipili kali ndo hazina haraka ya kwenda popote, kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia karafuu iliyozidi itapoa yenyewe, usimsubirie. Dawa yake ni nyingine na inatakiwa ipangwe mapema: ukipika lita 20, jaza lita 4 au 5 kwenye chupa kabla hujatia viungo vya mwisho, andika alama kwenye kizibo. Zile za viungo zikitoka kali kupita kiasi, fungua moja ya viungo na moja tupu, changanya kwenye glasi nusu kwa nusu au moja kwa mbili mpaka ikae sawa, na uandike uwiano huo, maana ndo unaokupa mililita za safari ijayo.